Francis Lucas Nyalali, Jaji Mkuu wa Kesi ya Kigoma



Ukurasa wa wasifu katika kijitabu chetu cha harambee kwa kawaida tunampa mtu wa kwetu: mwalimu, nahodha, mganga, au mama aliyelea nusu ya mtaa. Mwaka huu tumetoka nje ya mji. Marehemu Jaji Mkuu Francis Lucas Nyalali alikuwa Msukuma wa upande wa Mwanza, wala hakuwa na kiwanja Gungu wala shamba Simbo. Hata hivyo jina lake limefungamana na kura za mji wetu, na kila mwaka wanafunzi wa sheria nchini hufundishwa jambo lililotokea kwetu mwaka 1994, huku watoto wetu wengi wakiwa hawajawahi kulisikia. Tumeona ni deni, nasi tunalilipa hapa kwa kadiri ya nafasi tuliyopewa.

Nyalali alizaliwa mwaka 1935, wakati Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Alipanda ngazi ya shule ambayo wakati huo ilikuwa nyembamba sana, akafika Makerere kule Uganda, chuo kilichokuwa kikipokea vijana wachache waliochujwa kutoka Afrika Mashariki nzima. Kutoka hapo akaenda London kusomea uwakili, akapokewa katika Lincoln's Inn, moja ya vyama vinne vya kale vya mawakili wa Uingereza. Alirudi nyumbani katikati ya miaka ya 1960, nchi ikiwa na uhuru mchanga na wanasheria wazalendo wa kuhesabika, akaanza kazi ya hakimu.

Kazi ya hakimu wa miaka ile haikuwa ya fahari. Mahakama zilikosa majengo, vitabu vya sheria vilikuwa vya Kiingereza, na watu waliosimama mbele ya hakimu wengi hawakukijua Kiingereza hicho. Hapo ndipo alipoiva. Mwaka 1974 aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu, akakabidhiwa uenyekiti wa Mahakama ya Kudumu ya Kazi, mahali ambapo wafanyakazi na waajiri walipeleka ugomvi wao. Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere akamteua kuwa Jaji Mkuu. Alikuwa na umri wa miaka 42. Aliikalia nafasi hiyo hadi mwaka 2000, miaka 23, chini ya marais watatu.

Mwaka alioteuliwa ndio mwaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Wazee wetu wa reli na wa bandari wanaukumbuka kwa mabehewa na meli zilizogawanywa, lakini Jumuiya ilikuwa pia na Mahakama ya Rufani iliyohudumia nchi zote tatu, nayo ikaondoka. Tanzania ilibidi ijenge ya kwake, ikaanza kazi mwaka 1979 chini ya Nyalali. Mahakama hiyo ndiyo itakayorudi katika habari yetu mbele kidogo.

Zilikuwa zama za chama kimoja. Chama kilishika hatamu, na jaji alitakiwa kujua mipaka yake pasipo kuambiwa. Mwaka 1983 ilipopita operesheni ya wahujumu uchumi, watuhumiwa waliwekwa mbele ya baraza maalumu, bila dhamana wala wakili, nje ya utaratibu wa kawaida wa mahakama. Gungu na Ujiji wapo hadi leo wanaosimulia jinsi watu walivyozika sabuni na vitenge au kuvitupa ziwani usiku. Mwaka uliofuata kesi hizo zikarudishwa Mahakama Kuu. Mwaka huohuo wa 1984 haki za msingi za raia ziliingizwa katika Katiba, ukiwemo uhuru wa kutoa na kupata habari katika ibara ya 18, na kuanzia 1988 raia aliweza kwenda mahakamani kuzidai.

Haki iliyoandikwa lakini haijadaiwa ni kama hundi isiyopelekwa benki. Nyalali alikuwa miongoni mwa waliozipa thamani. Katika kesi ya Daudi Pete, iliyoanzia Musoma, Mahakama ya Rufani chini yake ilitamka kwamba sheria inayomnyima mshitakiwa dhamana moja kwa moja, bila kumwachia hakimu nafasi ya kupima, haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Lakini hapohapo alisisitiza kwamba Katiba yetu inaangalia haki ya mtu mmoja pamoja na wajibu wake kwa jamii. Wapo wanasheria ambao hawakuipenda sana sehemu hiyo ya pili. Sisi tuliolelewa kwenye mji ambao msiba wa jirani unafunga duka lako hatuoni ajabu.

Februari 1991 Rais Mwinyi alimpa kazi nyingine kabisa: kuongoza tume ya kuuliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Tume ya Nyalali ilizunguka Bara na Visiwani na kusikiliza zaidi ya watu 36,000. Takriban asilimia 77 walisema tubaki na chama kimoja. Asilimia kama 21 walitaka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi. Kwa mtu wa hesabu jambo hili linakuna kichwa, maana umehesabu mwenyewe kisha ukatoa jibu la upande mdogo. Hoja ya tume ilikuwa kwamba wachache hao si wachache wa kupuuzwa, na kwamba hata wengi waliotaka chama kimoja walitaka pia mabadiliko makubwa ndani yake. Tunadhani historia haijamsuta. Tunadhani pia kuwa kumweka Jaji Mkuu kwenye kazi ya kisiasa namna ile kulikuwa na hatari, kwa sababu kesho yake kesi za vyama hivyohivyo zingefika mezani kwake. Na zilifika.

Ndani ya ripoti hiyo kulikuwa na jambo lililozungumzwa kidogo kuliko lilivyostahili. Tume iliorodhesha sheria 40 ilizoziona za kikandamizaji, ikashauri zifutwe au zirekebishwe. Mojawapo ilikuwa Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, iliyompa waziri mamlaka ya kulifungia gazeti. Vyama vingi vilianza rasmi Julai 1992. Sheria ya Magazeti ilibaki palepale.

Sasa tuje nyumbani.

Mliozaliwa baada ya simu za mkononi huenda msielewe maana ya redio katika Kigoma ya mwaka 1994. Gazeti lililochapwa Dar es Salaam lilisafiri kwa treni zaidi ya kilomita 1,200. Treni ikichelewa, na ilichelewa, habari ilitufikia ikiwa imekwisha kuliwa na wengine, kisha ikafungiwa dagaa sokoni Mwanga. Redio za watu binafsi ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza Dar es Salaam, baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kuzifungulia mlango, nazo hazikutufikia. Ukizungusha kitufe usiku ulipata Bujumbura, ukapata na vituo vya Zaire ng'ambo ya ziwa. Kwa mambo ya Tanzania ilikuwapo Radio Tanzania Dar es Salaam peke yake.

Nasi tuliipenda. Ndiyo iliyotutangazia vifo vya ndugu zetu walioko mikoani, ndiyo iliyotuma salamu za Ugua Pole kwa wagonjwa. Ngoma ya taarifa ya habari ikilia, baba alinyamazisha nyumba nzima. Betri zikianza kuchoka tulizianika juani juu ya bati, na jioni zikapata nguvu ya kumaliza angalau habari na michezo. Jirani asiye na redio alisogeza kigoda barazani kwa mwenye nayo. Kilichosemwa na redio hakikuwa na mpinzani, kwa sababu hapakuwa na sauti nyingine ya kupingana nayo.

Ni katika mji wa namna hiyo, mwanzoni mwa 1994, ulipofanyika uchaguzi mdogo wa ubunge Kigoma Mjini. Vyama vingi vilikuwa havijatimiza miaka miwili. CCM ilimsimamisha Azim Premji. CHADEMA ilimsimamisha Dk. Aman Walid Kabourou, msomi wa shahada ya uzamivu aliyerejea nyumbani kuingia siasa, ambaye naye ametutoka mwaka 2018. (Katika kumbukumbu za mahakama jina lake limeandikwa Kaborou, kwa hiyo anayetafuta hukumu hiyo aitafute kwa herufi hizo.) Jumuiya yetu haina chama, na wanachama wetu walikuwa pande zote mbili, wengine hadi leo wakikutana kwenye kahawa hilo halijaisha. Tunataja vyama hapa kwa sababu ndivyo kesi ilivyokuwa.

Premji alitangazwa mshindi. Kabourou akaenda mahakamani. Malalamiko yake hayakuwa ya redio tu; hata habari ya barabara wakati wa kampeni ilikuwamo. Lakini lililoifanya kesi hiyo iwe ya pekee lilikuwa redio. Alilalamika kwamba Radio Tanzania, chombo cha umma, iliegemea upande wa mgombea wa CCM katika matangazo yake na kuuchafua upande wake. Mahakama Kuu ilibatilisha matokeo. Mwanasheria Mkuu wa Serikali na mbunge aliyeshinda wakakata rufani, na suala likafika kwenye Mahakama ya Rufani, kwa majaji walioongozwa na Nyalali mwenyewe.

Hebu tufikirie uzito wa swali lililokuwa mbele yao. Sheria ya Uchaguzi ilitaja makosa fulani yanayoweza kubatilisha uchaguzi. Redio kuegemea upande mmoja ni jambo la aina nyingine: hakuna kura iliyoibwa, hakuna sanduku lililovunjwa. Msimamizi anaweza kuhesabu kura zote mbele ya mawakala, zikalingana hadi ya mwisho. Je, hapo pana kosa?

Mahakama ya Rufani ilijibu kwamba uchaguzi uliokusudiwa na Katiba na sheria ni uchaguzi ulio huru na wa haki, na kwa hiyo jambo lolote linaloondoa uhuru na haki hiyo ni sababu halali ya kuubatilisha. Redio inayoendeshwa kwa jina la umma haina ruhusa ya kuwa tarumbeta ya mgombea mmoja. Ilikubali kwamba upendeleo ulikuwapo na kwamba uliugusa uchaguzi wa Kigoma. Ushindi ukabaki umebatilika. Hukumu hiyo imo katika mkusanyo wa hukumu za Tanzania wa mwaka 1996, ukurasa wa 156, kwa jina la Mwanasheria Mkuu na wenzake wawili dhidi ya Aman Walid Kaborou.

Sisi tunaokula kwa kukagua vitabu vya hesabu tunaielewa hukumu hii kwa njia yetu. Hesabu inaweza kufunga sawasawa, debiti na krediti zikatoshana hadi senti, na bado isiwe ya kweli kwa sababu hati zilizoingizwa tangu mwanzo zilikuwa na kasoro. Mkaguzi anayeangalia jumla peke yake hajakagua kitu. Nyalali na wenzake walikataa kuishia kwenye jumla ya kura. Walirudi nyuma hadi kwenye kile mpiga kura alichosikia kabla ya kuingia chumba cha kura, wakauliza nani alilipia sauti ile. Aliyelipia ni mvuvi wa Kibirizi, mama wa mawese na kuli wa bandarini, kupitia kodi, bila kujali kadi iliyokuwa mfukoni mwao.

Kuna jambo jingine la mwaka ule ambalo watu wa pwani ya Tanganyika hatuhitaji kuelezwa. Oktoba 1993 Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa, na wakimbizi wakamiminika mkoani kwetu. Aprili 1994 yakaanza mauaji ya Rwanda, na kituo cha RTLM kikachochea watu kuua majirani zao. Mmoja wa waasisi wake, Ferdinand Nahimana, alikuwa mwalimu wa historia wa chuo kikuu. Alihukumiwa Arusha mwaka 2003 na Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda. Hatulinganishi Radio Tanzania na RTLM, la hasha. Tunasema tu kwamba wakati majirani zetu wanaonja uchungu wa redio isiyo na wa kuiuliza, kulikuwa na mahakama katika nchi yetu iliyoweza kuiambia redio ya serikali kwamba imekosea, na mtangazaji hakupigwa, na jaji hakufukuzwa kazi.

Uchaguzi mkuu wa mwaka 1995 ulipofika, wapiga kura wa Kigoma Mjini walimpeleka Kabourou bungeni, wakamrudisha tena mwaka 2000. Mwaka 2005 walimchagua mwingine. Hiyo ni haki yao, na hukumu ya Nyalali haikumpa mtu yeyote kiti.

Kesi ile haikumaliza matatizo. Kupinga uchaguzi mahakamani kulikuja kufanywa kugumu, kwa sheria iliyomtaka mlalamikaji aweke dhamana ya shilingi milioni 5 kwanza, fedha ambazo mvuvi wetu hazijui kwa macho. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani, Nyalali akiwa amekwisha kustaafu na Barnabas Samatta akiwa Jaji Mkuu, iliitamka sharti hilo kuwa kinyume cha Katiba katika kesi ya Ndyanabo. Hapo mtu anaona faida ya kujenga taasisi: aliyeijenga ameondoka, na kazi inaendelea. Kuhusu redio ya umma na kampeni, kila msimu wa uchaguzi malalamiko husikika, na tunawaachia wasomaji wapime wenyewe waliyoyasikia.

Kazi yake nyingine nyingi tunaipita haraka. Mwaka 1994 huohuo mahakama zilianza utaratibu wa kuzisuluhisha kesi za madai kabla ya kuzisikiliza, jambo alilolisukuma kwa kuwa aliona wananchi wanazeeka wakisubiri hukumu za mashamba. Mmarekani mmoja msomi wa siasa, Jennifer Widner, aliandika kitabu kizima kuhusu yeye na uhuru wa mahakama Afrika, kilichotoka mwaka 2001. Kijana wa Gungu anayesoma sheria akikipata, akisome. Ni Kiingereza, lakini habari ni za kwetu.

Kama kuna la kumlaumu, ni kwamba alikuwa mtu wa hatua fupi. Katika miaka ya chama kimoja alikuwa mwangalifu mno kwa kipimo cha wale waliotaka mahakama ipige kelele. Sisi tunamwona kama nahodha wa mtumbwi anayejua upepo wa ziwa: yule asiyeutii hafiki Kalemie, na asiyetoka kabisa ufukweni hafiki pia. Mahakama iliyobatilisha uchaguzi wa chama tawala kwa sababu ya redio ya serikali haikuzuka siku moja, ilikuwa imelelewa miaka 17.

Nyalali alistaafu mwaka 2000 na kufariki dunia Aprili 2003. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, ambayo tume yake iliitaja mwaka 1992, ilifutwa mwaka 2016 ilipokuja Sheria ya Huduma za Habari, miaka 13 baada ya kifo chake. Sheria mpya nayo ilipingwa mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliona baadhi ya vifungu vyake vinakiuka mkataba wa Jumuiya, ile Jumuiya iliyovunjika mwaka alioteuliwa kuwa Jaji Mkuu na baadaye ikafufuka.